Lori la ushirika na ngoma ya Bweranyange

Mwaka 1976 nilikuwa darasa la sita Ihanda. Mwalimu wetu wa historia aliomba lori la ushirika lililokuwa limekwisha kushusha kahawa, akatupakia. Alisema imetimia miaka mia moja tangu Stanley, msafiri Mzungu, apite Karagwe, na haifai tumsome kitabuni kama habari ya ng'ambo wakati ikulu alimokaribishwa ilikuwa wilayani kwetu.

Tulibeba ndizi za kuchoma na maharage yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Mbele, pamoja na dereva, alikaa mzee mmoja wa ukoo wa Wahinda, ukoo wa wafalme wa Karagwe. Kila tulipofika mahali penye habari, mzee aligonga mlango kwa fimbo, lori likasimama. "Wajukuu, shukeni," alisema, naye alikuwa wa kwanza kugusa ardhi.

Alisimamisha lori mgongoni mwa kilima kutuonyesha malisho tu. Sisi tuliona nyasi. Yeye alituambia kwamba kabla ya sotoka ya miaka ya 1890, miteremko ile ilijaa ng'ombe wenye pembe ndefu, na mtu alihesabiwa utajiri wake kwa ng'ombe, si kwa mikahawa. Akainua mikono yote miwili kutuonyesha upana wa pembe, akabaki hivyo kwa muda. Sijawahi kupita kwenye vilima vile tena bila kuwawazia.

Lakini siku ile ilikuwa ya Bweranyange. Hapo ndipo palipokuwa na makao ya Rumanyika, mfalme aliyewapokea wasafiri wengine Wazungu, Speke na Grant, mwezi Novemba 1861, kisha Stanley mwaka 1876. Nilitarajia kuta za mawe. Majengo ya wafalme wetu yalikuwa ya miti na nyasi, hayakungoja wageni wa karne nyingine. Mzee alituketisha chini, akaanza na ngoma.

Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki, wanawe waligombea kiti. Wakubwa wa nchi wakaweka mbele yao ngoma ndogo, ya kuinuliwa kwa mkono mmoja, lakini iliyotiwa dawa hata ikawa nzito kupita kiasi. Ndugu wakajaribu mmoja baada ya mwingine, wakashindwa. Rumanyika akainyanyua kwa kidole chake kidogo. Mzee alipofika hapo alinyoosha kidole chake mwenyewe, kimekunjamana, na watoto wote tukakitazama. Miaka mingi baadaye nilikikuta kisa hicho katika kitabu cha Speke, kikisimuliwa vilevile, ngoma na kidole. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Mzee hakujua kusoma Kiingereza. Alikipata kwa baba zake.

Mwalimu naye akaongeza lake. Speke ameandika kwamba mfalme alimwamkia kwa Kiswahili safi. Hebu lifikirie hilo: mwaka 1861, mwendo wa miezi kutoka pwani, katika ikulu ya Wanyambo, watu wa Karagwe, mfalme anazungumza Kiswahili na mgeni kabla hata hajaulizwa. Hakukuwa na ajabu kwa wenyewe, kwa kuwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikwisha kufika kwa njia ya Tabora kutafuta pembe za ndovu, na kituo chao kilikuwa Kafuro, karibu na hapo. Sisi tuliokuwa tukiambiwa kwamba Kiswahili kililetwa kwetu na shule na siasa tulikaa kimya. Mwalimu aliliona jambo hilo usoni petu, akalirudia mara ya pili.

Chini ya kilima ni ziwa Rwakajunju. Speke alilipa jina la ziwa la Uingereza, Windermere; Stanley alishusha mashua yake humo, ikashindanishwa na mitumbwi ya Rumanyika. Tulinawa uso, wavulana wakarusha mawe, dereva akatuita.

Tuliahidiwa safari ya pili, ya Mtagata, kwenye chemchemi za maji ya moto upande wa Kyerwa, ambako Stanley pia alifika. Haikufanyika. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na malori yakawa ya jeshi. Mzee alifariki kabla ya vita kwisha.

Mtagata nilikwenda nikiwa mtu mzima, kumsindikiza mama mkwe aliyekuwa na maumivu ya miguu. Mvuke unapanda katikati ya miti, wagonjwa wameketi majini wakiulizana nyumbani ni wapi. Watu walikuwa wakifanya hivyo hata siku za Stanley. Siwezi kusema maji yalimponya, ila alilala vizuri usiku ule na akataka kurudi.

Leo Kyerwa ni wilaya inayojitegemea, tangu 2012. Lami imetoka Kyaka hadi Bugene, na mwaka 2019 mapori yetu ya akiba yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa: Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa, na Rumanyika-Karagwe, yenye jina la mfalme yule yule. Nimefurahi. Wageni wanaokuja kuona wanyama wanapita Omurushaka kwa kasi, na magari yao hayana mtu wa kugonga mlango. Ninachoomba wakuu wa hifadhi na halmashauri zetu ni kitu kidogo: waongoza wageni wapelekwe kwanza Bweranyange, waketishwe chini, wasimuliwe habari ya ngoma na wazee waliobaki, hadi waweze kuisema wenyewe. Wazee hao bado wapo. Mmoja anaishi si mbali na kwangu, na asubuhi huwa nje akianika kahawa.