Mtandao mzuri ni ule unaoshika chumbani unakolala

Saa 12 na nusu asubuhi nilitoka nje kuchota maji, simu ikiwa mkononi. Sijafika kwenye bomba, ikaanza kuingiza meseji moja baada ya nyingine. Zilikuwa taarifa za simu nilizopigiwa nikiwa sipatikani: saa 6:10 usiku, saa 6:14, saa 6:21, zikaendelea hadi saa 9 kasoro. Nilizihesabu, zilikuwa 11. Zote zilitoka namba moja, ya mama yangu aliyeko Mwanza.

Mama yangu si mtu wa kupiga simu usiku. Saa 3 ikifika ameshazima taa. Na yeye ndiye aliyekuwa amebaki na binti yangu wa miaka minne.

Niliweka ndoo chini nikapiga. Ilipokelewa haraka.

“Mtoto hajambo sasa, amelala,” alisema kabla sijamsalimia. “Lakini wewe mwanangu, umehama mji au umehama dunia?”

Nilikuwa na wiki tatu tu Dodoma. Ofisi ilinihamishia huku kutoka Mwanza, na kama wazazi wengi wanaohama kikazi, niliona nitangulie, nitafute nyumba na shule, kisha mtoto afuate. Mume wangu alikuwa Geita kikazi. Bibi akakubali kukaa na mjukuu wake kwa mwezi mmoja.

Usiku ule homa ya mtoto ilipanda ghafla, akatapika mara tatu. Mama akamwamsha jirani mwenye bajaji, wakaenda kituo cha afya. Kipimo kikaonyesha malaria, akaanzishiwa dawa. Halafu tabibu akauliza swali ambalo kila mzazi anapaswa kulijibu bila kusita: kuna dawa yoyote inayomdhuru mtoto huyu?

Ipo. Akiwa na miaka miwili alipewa dawa ya jamii ya salfa, akatoka vipele mwili mzima na uso ukavimba. Mama alikumbuka vipele, hakukumbuka dawa. “Ile ya maji, ya chupa,” ndilo jibu alilokuwa nalo. Wakampigia baba yake, akapatikana, lakini naye hakulijua jina. Mambo ya kliniki siku zote nilikuwa nayo mimi. Na mimi nilikuwa sipatikani.

Tabibu alitumia busara. Aliendelea na dawa ya malaria, na ile dawa nyingine aliyotaka kuiongeza akaisubirisha hadi asubuhi. Mtoto akapata nafuu. Lakini mimi, ninayeandika habari za afya na kuwaambia wengine kila wiki namna ya kujiandaa kwa dharura, nililala usingizi mzito mtoto wangu akiwa kitandani kwa wagonjwa, kwa sababu ya laini ya simu niliyoichagua vibaya.

Niliichagua vipi? Nilipofika, niliwauliza wenzangu ofisini mtandao gani ni mzuri Dodoma. Wakanitajia mmoja, wakasema intaneti yake ina kasi na bando lake la wiki ni nafuu. Nikasajili laini siku hiyohiyo. Ofisini ilikuwa kweli, picha zilikuwa zinakwenda dakika hiyohiyo. Simu yangu ina nafasi mbili za laini, lakini ya pili nilikuwa nimeweka memori kadi yenye picha za kazi. Basi laini yangu ya Mwanza nikaitoa, nikaifunga kwenye karatasi, nikaiweka kwenye pochi. Watu wangu nikawapa namba mpya.

Nyumba niliyopanga iko nje kidogo ya mji, upande wa Nzuguni. Siku ya kwanza tu niligundua kwamba chumbani simu haishiki. Sebuleni inashika ukisimama karibu na mlango. Nikafanya kile tunachokifanya wengi: nikazoea. Nikawa naiweka simu dirishani usiku, pale inaposhika kidogo, mlio nimeuongeza hadi mwisho. Usiku ule mvua kubwa ilinyesha, maji yakawa yanaingia dirishani. Nikaitoa simu, nikaiweka chini ya mto. Basi, ni hivyo tu.

Nilipotulia nilimtafuta fundi ninayemfahamu, anayefunga mitambo ya simu, nikamuuliza kwa nini mtandao mmoja uwe moto ofisini na baridi kwangu. Akanieleza kwa lugha rahisi. Simu inazungumza na mnara kwa mawimbi. Ukiwa mbali na mnara, au kukiwa na kilima katikati, mawimbi yanafika yamechoka. Yakifika yamechoka, bati la juu, ukuta wa tofali za saruji na nondo zake vinamalizia kazi. Tena mawimbi hayafanani: yale ya masafa ya chini hupenya kuta vizuri zaidi, ya masafa ya juu hubeba data nyingi lakini hupungua nguvu upesi. Ndiyo maana unaweza kupata intaneti ya kasi barabarani, ukiingia chumbani hata simu ya kawaida haiingii. Na jioni, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani na kufungua video, wanagawana uwezo wa mnara uleule.

Kwa hiyo swali nililouliza ofisini halikuwa na jibu. Hakuna “mtandao mzuri Dodoma,” kama ambavyo hakuna mtandao mzuri Mwanza wala Arusha. Kuna mtandao unaoshika kwenye nyumba yako, kwenye chumba chako, saa unayouhitaji. Jirani wa mtaa wa tatu anaweza kuusifu mtandao ambao kwako ni mapambo.

Nikaamua kuanza upya. Jioni moja niliwaomba majirani wawili, mama mwenye genge na mama wa nyumba ya nyuma, waje na simu zao. Kati yetu tulikuwa na laini za mitandao minne. Tuliingia chumbani, tukafunga mlango na dirisha, kila mmoja akapiga, akapigiwa. Mama mwenye genge alicheka sana, akasema hajawahi kualikwa chumbani kwa mtu kuja kupiga simu. Lakini ndani ya dakika 20 tulijua. Mitandao miwili ilikuwa haifai kabisa humo ndani. Mmoja ulikuwa unakatakata. Mmoja ulishika hadi kwenye kona ya kabati. Tulirudia saa 3 usiku siku iliyofuata, wakati wa msongamano, majibu yakawa yaleyale.

Cha kunishangaza, mtandao ulioshika ndio ule wa laini yangu ya Mwanza iliyokuwa imelala kwenye pochi.

Mzazi mwenzangu unayejiandaa kuhama, kipimo hiki hakina gharama. Ukienda kukagua nyumba na dalali, usiishie kutazama maji, umeme na choo. Ingia chumba mtakacholala, funga mlango, piga simu, na umwombe mtu akupigie. Ukiweza, rudi usiku. Waulize majirani wa ukuta kwa ukuta, si watu wa mjini. Fanya hivyo kabla hujalipa kodi ya miezi sita.

La pili ni namba yenyewe. Nilipoiweka pembeni ile namba ya zamani nilidhani nimebadilisha laini tu. Kumbe ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, ndiyo iliyoko benki na kwenye fomu za shule. Muuguzi akitaka kukutafuta kuhusu majibu ya kipimo, atapiga namba iliyo kwenye kadi. Hajui kwamba umehama. Tena laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba hiyo inaweza kupewa mtu mwingine. Meseji zako za benki na za hospitali zikaanza kumfikia mgeni.

Hata kama mtandao wako wa zamani haushiki kwenye nyumba mpya, si lazima uache namba. Tangu Machi 1, 2017, hapa Tanzania unaweza kuhama mtandao mmoja kwenda mwingine na namba yako ileile. Unakwenda kwenye duka la mtandao unaoutaka, na kitambulisho chako na alama ya kidole. Kumbuka tu kwamba salio na bando havihami nawe, na pesa zilizo kwenye akaunti ya simu zitoe kwanza. Kama una deni huko, lilipe.

Laini isajiliwe kwa jina lako mwenyewe. Mgeni mjini hushawishika kununua laini “iliyokwisha sajiliwa” ili asipoteze muda. Siku simu ikiibiwa utakwenda kuirudisha namba, utaambiwa si yako. Na ukisajiliwa na wakala wa barabarani, akikuomba uweke kidole mara ya pili na ya tatu, muulize kwa nini. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mimi nilipiga nikiwa na wasiwasi, nikazikuta mbili, zote zangu.

Wanaohama wana adui mwingine, ile meseji ya “mimi mwenye nyumba wako, kodi tuma kwenye namba hii.” Ukiwa Mwanza miaka mitano unaicheka. Ukiwa na wiki mbili Dodoma, hujaikariri namba ya mwenye nyumba na kodi unadaiwa kweli, unaweza kuituma kabla hujafikiri. Hifadhi namba yake kwa jina siku mnayoandikishana mkataba, na meseji ya kitapeli itume kwenda 15040.

Kuhusu intaneti ya nyumbani, niliulizia faiba nikaambiwa haijafika mtaa wetu. Nikachukua ruta ndogo ya laini, lakini kwanza niliijaribu kwa bando la wiki moja kabla ya kulipia mwezi. Ruta imenisaidia kwa kazi, na mtoto anaongea na bibi yake kwa video. Ila sikuifanya tegemeo la dharura. Umeme ukikatika ruta inazimika, na kupiga simu kwa WhatsApp kunazimika nayo. Anayekutafuta usiku wa manane, tena mzee mwenye kitochi, atapiga simu ya kawaida. Hiyo ndiyo inayopaswa kushika.

Wengi huuliza kipi ni nafuu. Nami nilikuwa huko, nikilinganisha MB na siku. Baada ya usiku ule nilitenganisha mambo mawili. Laini ya kupatikana ni moja, na hiyo siichagui kwa bei ya bando, naichagua kwa chumba changu. Laini ya intaneti ni nyingine, na hiyo naweza kuibadilisha kila mwezi nikifuata unafuu, bila mtu yeyote kupotezana nami. Memori kadi niliitoa, picha nikazihamishia kwenye kompyuta ya kazini. Ile laini ya Mwanza ikarudi mahali pake.

Kuna mengine niliyofanya ambayo hayahusiani na mnara wowote, na pengine ndiyo makubwa zaidi. Niliandika kwa kalamu, nyuma ya kadi ya kliniki, dawa inayomdhuru mtoto na kilichompata. Nikamtumia baba yake picha ya maandishi hayo, na mama nikamwandikia kwenye karatasi, akaibandika mlangoni mwa kabati. Chini yake nikaongeza namba mbili za bure: 199 ya Wizara ya Afya kwa maswali ya afya, na 115 kwa usafiri wa dharura wa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, maana mdogo wangu anatarajia kujifungua pale nyumbani. Simu ni msaada mkubwa, lakini uhai wa mtoto haupaswi kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja aliye mbali na chaji iliyobaki.

Binti yangu sasa yuko nami. Alikuja na bibi yake kwa basi, kupitia Shinyanga, Nzega na Singida, na njia nzima tuliwasiliana. Mama alikaa wiki moja. Siku ya kwanza alipoingia chumbani kwangu aliitoa simu yake, akaitazama, akaizungushazungusha hewani kama anayepima joto.

“Hapa unashika,” akasema, akaketi.

Wiki iliyofuata, ameshafika Mwanza, simu yangu iliita saa 7 usiku. Moyo ulinipasuka. Nikaipokea nikiwa nimeshaketi kitandani.

“Mama, kuna nini?”

“Hakuna kitu, mwanangu,” alijibu. “Nilikuwa najaribu tu. Lala.”