Miezi Sita, Vitabu Viwili na Mwenzetu Mmoja



Ni desturi ya darasa letu, kila nusu ya mwaka inapokwisha, kuwaandikia machache kuhusu maisha yetu. Mara zilizopita kazi hii ilikuwa nyepesi. Tulitaja vitabu tulivyosoma, mahali tulikosafiri, mechi tulizoshinda na nguruwe waliozaa, tukamaliza kwa kuomba sala zenu. Safari hii kalamu imekuwa nzito. Sisi wa mwaka wa pili wa Falsafa tulirudi kutoka likizo Januari 2025 tukiwa 23. Tumemaliza Juni tukiwa 22. Hatuwezi kuandika juu ya miezi hii sita tukaruka jambo hilo. Mwenzetu mwenyewe ameyasoma maandishi haya na kuturuhusu tuyatoe, kwa sharti moja tu, kwamba tusitaje jina lake.

Tuanze na vitabu. Julai 2024 Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Mwanzoni alitaka kuwaandikia wanaolelewa kuwa mapadre, kisha akaona inawafaa Wakristo wote. Humo anakumbuka jinsi alivyofundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti kule Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965, akiwa bado kijana. Hoja yake moja ilitugusa: kwamba anayesoma hadithi hujifunza kusikia sauti ya mtu mwingine. Kwa hiyo Januari tukaamua kwamba kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni tutakaa darasani nusu saa, tusome pamoja kitabu ambacho hakimo kwenye mtihani.

Tulianza na Utubora Mkulima cha Shaaban Robert. Wengi wetu tulikuwa tumekisikia tu kwa jina. Kinasimulia habari za mtu anayeacha kazi ya ofisini mjini na kwenda kuishi kwa jembe. Nakala ilikuwa moja, hivyo ilibidi mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Msomaji tuliyemchagua alikuwa huyo mwenzetu. Alikuwa na sauti nzuri, na alijua kupumzika mahali pa kupumzika. Akisoma yeye hakuna aliyesinzia, hata siku tulizotoka kulima.

Tulipomaliza kitabu ukazuka ubishi. Wengine walisema Utubora aliwakimbia watu na majukumu. Wengine walisema alikuwa na hekima kuliko waliobaki mjini. Tukapigana kwa hoja za Aristotle kana kwamba profesa alikuwa anatusikiliza. Mwenzetu alifunga kitabu, akasema polepole, "Labda hakukimbia. Labda kuna mahali alikuwa anahitajika." Mmoja wetu akamtania kwamba sasa amekuwa wakili wa Utubora. Tukacheka, tukazima taa, tukaenda kulala.

Leo tunalikumbuka neno lile. Usiku ule lilitupita kama mzaha.

Februari tulichukua kitabu cha pili, Maungamo ya Mtakatifu Agustino. Nakala tulizopata maktabani zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo mmoja alisoma na mwingine akafafanua kwa Kiswahili. Tulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi, ilitukuta tukiwa tunakaribia sehemu ya nne, pale Agustino anapomlilia rafiki yake wa ujana kule Thagaste. Kijana yule aliugua homa kali, akabatizwa akiwa hajitambui. Alipopata nafuu kidogo Agustino akaufanyia mzaha ule ubatizo, akidhani watacheka pamoja. Rafiki yake akamkemea. Siku chache baadaye homa ikarudi, akafariki, na Agustino hakuwapo. Katika kurasa zote zile za majonzi, jina la rafiki huyo halitajwi.

Tulijadili sana sehemu hiyo. Tuliuliza kama ni halali kumpenda rafiki kiasi kile, na kama huzuni ile ilikuwa ya mwamini au ya mtu ambaye bado hajamjua Mungu. Majadiliano yalikuwa mazuri. Mwenzetu hakuwapo. Alisema kichwa kinamuuma. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amesema hivyo hivyo.

Dalili zilikuwepo, na ni haki tuzitaje. Alikuwa ameacha kucheza mpira, yeye beki wetu wa kushoto. Mezani alikula haraka, akaondoka. Baada ya Sala ya Usiku, wakati wa kimya kikuu, alibaki kanisani peke yake, nasi tukasema moyoni kwamba Kwaresima imemshika vizuri. Siku za kupewa simu alikwenda kuzungumza nyuma ya banda la ng'ombe, akarudi uso umebadilika. Kitanda chake kilikuwa dirishani, katikati ya vitanda vya wawili wetu ambao leo tunashiriki kuandika haya. Tulimwuliza, "Vipi, frateri, mzima?" Akajibu, "Mzima, tunamshukuru Mungu." Tukaridhika na jibu, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kwenda darasani.

Alhamisi moja katikati ya Machi kengele ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri kama kawaida. Wakati wa Masifu ya Asubuhi nafasi yake ilikuwa wazi. Tuliporudi bwenini godoro lilikuwa limekunjwa, shuka zimewekwa juu yake zikiwa zimefuliwa. Chini ya kitanda alikuwa ameacha ndoo yake tu. Mchana Baba Gombera alitueleza kwa maneno machache kwamba mwenzetu ameomba kurudi nyumbani, wamezungumza kwa muda mrefu, na ameondoka kwa amani na kwa baraka. Akatuomba tumwombee. Tulimwombea jioni ile, na siku iliyofuata tukaendelea na masomo.

Masika yalikuwa makali. Bomba la maji likapasuka mara mbili, tukabeba maji kutoka bondeni kwa ndoo, na ile ya mwenzetu ikawa ndoo ya bweni zima. Huenda ndiyo iliyotusumbua dhamiri. Mtu ukibeba ndoo yenye jina la mwenzako kila asubuhi kwa wiki mbili, huwezi kujifanya umemsahau.

Kwa kuwa 2025 ulikuwa Mwaka wa Jubilei, na sisi sote tuliitwa mahujaji wa matumaini, darasa letu lilikuwa limepangiwa hija ya Bagamoyo katika Oktava ya Pasaka. Kabla ya safari tulimwendea mlezi wetu na ombi. Kijiji cha mwenzetu kiko upande wa Same, si mbali na barabara kuu. Je, wakati wa kurudi tunaweza kupita kumjulia hali? Mlezi alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Nilikuwa nangoja mniulize."

Tuliondoka Jumatatu ya Pasaka kabla ya mapambazuko, mlima ukiwa umefunikwa na mawingu. Ndoo ilikuwa ndani ya basi, na ndani yake tuliweka sukari, sabuni na ile nakala ya Utubora Mkulima. Tulipofika Korogwe kunywa chai, dereva alikuja mezani na simu mkononi, akatuonyesha bila kusema neno. Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amefariki asubuhi ile. Siku iliyotangulia, Dominika ya Pasaka, alikuwa amewabariki watu pale Vatikani. Tulisimama kando ya basi, tukasali Raha ya Milele. Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa alitua beseni lake chini, akasimama nasi mpaka tulipomaliza, kisha akatuuliza tumefiwa na nani.

Bagamoyo tulikaa siku mbili. Tulisali kwenye msalaba ulio ufukweni, mahali panapokumbusha kufika kwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Zanzibar mwaka 1868. Tulionyeshwa mahali walipoishi watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kisha tukaingia makaburini. Tulipita tukisoma tarehe na kuhesabu miaka, tukakuta wengine walifariki wakiwa na umri kama wetu au zaidi kidogo. Homa iliwamaliza mapema. Hakuna aliyezungumza kwa sauti pale.

Jambo lililokaa nasi zaidi ni habari ya waliombeba David Livingstone. Alifariki Mei 1873, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Wenzake, wakiwemo Susi na Chuma, waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Safari ilichukua miezi mingi, penye maradhi na hatari. Wangeweza kumzika kule kule na kwenda zao, na nani angewalaumu? Tulisimama pale misheni tukisikiliza habari hiyo. Mmoja wetu akasema, "Na sisi mwenzetu hatukumsindikiza hata mpaka getini." Hatukuwa na la kumjibu.

Jumatano tulipita Msata, Mkata na Segera tukirudi kaskazini, na alasiri tukashuka kijijini. Mwenzetu alikuwa shambani anapalilia mahindi. Alituona kwa mbali, akasimama na jembe begani, kisha akaanza kucheka. Nadhifu yule wa bwenini alikuwa na matope mpaka magotini. Alipoiona ndoo alicheka zaidi, akasema alijua tutaichakaza.

Mama yake alikuwa amekaa kibarazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda na kufungwa bandeji. "Shikamoo, Mama," tulisema kwa pamoja. "Marahaba, wanangu. Karibuni. Ndio nyinyi mnaolala naye?" Tulijibu ndiyo, na jibu hilo lilituchoma.

Tulipokunywa uji ndipo tuliposikia yale ambayo tungepaswa kuyajua tangu Februari. Baba yake alifariki mwaka juzi. Mama ana ugonjwa wa kisukari, na kidonda cha mguu kilikuwa kimegoma kupona. Wadogo zake wawili wako shuleni, na kwa wiki kadhaa walikuwa wakibaki nyumbani kwa zamu ili kumhudumia mama. Kila alipopewa simu alisikia habari hizo. Hakupoteza imani, wala hakufukuzwa. Alipima mbele ya Mungu, akaona kwamba kwa sasa wito wake ni kuwa mtoto wa mama yake. Kama mlango utafunguka tena baadaye, au kama Mungu atamwonyesha njia nyingine, atajua wakati huo.

Tulimwuliza kwa nini hakutuambia. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu bila hasira: "Niliogopa mtaniambia mnaniombea, halafu mtazima taa."

Wapendwa wasomaji, hapa tuna neno kwenu, hasa ninyi waamini wa parokia zetu. Mwenzetu alitueleza kwamba kilichomuumiza kuliko kazi ya shamba ni maswali ya watu. Dominika ya kwanza aliporudi, baada ya Misa, mtu mmoja alimwuliza amefanya kosa gani. Mwingine akamwambia mama yake kwamba amepoteza bahati ya familia. Watu hao hawakuwa na nia mbaya. Ila mkisikia frateri amerudi nyumbani, tunawasihi, msiulize amefanya nini. Ulizeni anaendeleaje. Kama ana mgonjwa, jumuiya ndogo ndogo iende kumwona mgonjwa. Malezi ya seminari ni muda wa kupambanua, na mtu anayepambanua kwa unyofu akarudi nyumbani hajashindwa.

Baada ya safari maisha yaliendelea. Jumamosi tarehe 26 Aprili tulifuatilia mazishi ya Papa Fransisko katika luninga ya ukumbini. Tarehe 8 Mei, jioni, moshi mweupe ulipotoka, tuliacha sahani mezani, tukakimbia. Lilipotangazwa jina la Robert Francis Prevost, tulitazamana, hatukumjua. Aliposema yeye ni mwana wa Agustino, ukumbi ulilipuka kwa makofi, kwa sababu Maungamo yalikuwa bado juu ya meza yetu darasani. Wiki ile tulipompigia simu mwenzetu, kitu cha kwanza alichouliza ni kama sasa tutakimaliza kitabu. Tulikimaliza Juni, kabla ya mitihani.

Kuna badiliko moja dogo. Kila Jumamosi, kabla ya kufungua kitabu, tunakaa dakika kumi bila kusoma chochote. Mwenye la kusema anasema. Mara nyingi hakuna anayesema, tunabaki tunatazama sakafu, na inaaibisha kidogo. Lakini Mei mmoja wetu alisema jambo la nyumbani kwao alilolibeba tangu mwaka jana. Hatukulitatua. Usiku ule taa ilichelewa kuzimwa, na wanne wetu tulimsindikiza kwa mlezi asubuhi yake.

Sasa ni likizo. Julai watano wetu tutakwenda upande wa Same kusaidia kuvuna mahindi. Mguu wa Mama unaendelea vizuri kidogo, na mdogo wake wa kike amerudi darasani. Tunaomba sala zenu kwa ajili yao, na kwa ajili yetu 22 tunaotarajia kuanza mwaka wa tatu, Mungu akipenda.