Jina Katika Kitabu cha Ubatizo

Wengi wetu tukisoma kitabu cha Ezra huiruka sura ya pili. Ni orodha tu ya majina na hesabu za watu waliorudi kutoka Babeli. Sisi pia, mke na mume, tuliiruka miaka mingi, hata baada ya mmoja wetu kumaliza chuo cha theolojia na kubarikiwa kuwa mchungaji. Lakini katikati ya orodha ile wapo waliotafuta majina yao katika maandishi ya nasaba wasiyaone. Tulianza kuwaelewa watu hao tulipoishi na bibi mmoja huko Kanada.

Tulikuwa Kitchener, katika jimbo la Ontario, kwa masomo. Sehemu ile ilikaliwa na Wajerumani wengi, na makanisa ya Kilutheri hayakosekani. Mwenyeji wetu alikuwa mjane wa Mlutheri mwenye asili ya Kijerumani, lakini kwa upande wa baba yake walikuwa Wakatoliki kutoka Ireland. Jina la ukoo tunaliacha, maana wajukuu wake wapo. Alipojua kwamba kwetu mwanamke wa umri wake huitwa Bibi, alitaka tumwite hivyo hivyo. Macho yake yalikuwa yamedhoofika, akatuomba tumsomee karatasi za zamani.

Alichojua kilikuwa kidogo. Babu wa baba yake aliingia Kanada mwaka 1847 akiwa mvulana wa miaka tisa, pamoja na baba yake. Walipoondoka kwao walikuwa wanne. Mama alifia njiani, na “yule mdogo” pia. Ndivyo familia ilivyomwita kwa vizazi vinne: yule mdogo. Jina lake hakuna aliyelijua.

Mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi vya Ireland, na maskini wa kule waliishi kwa viazi karibu peke yake. Katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama. Waliokwenda Kanada wengi walipanda meli za mbao. Meli hizo zilipeleka magogo Uingereza, na badala ya kurudi tupu zilijaza watu kwa nauli nafuu. Chawa walieneza homa ya tifasi humo ndani. Kabla ya kufika mji wa Quebec meli zilisimamishwa Grosse Île, kisiwa cha karantini katika mto St. Lawrence. Mwaka 1847 peke yake zaidi ya watu 5,000 walizikwa pale. Baadhi ya mapadre na wachungaji wa Kianglikana waliokwenda kuwahudumia waliugua nao wakafa.

Tulidhani kazi itakuwa nyepesi, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba Wazungu huandika kila kitu. Tulikosea. Orodha za abiria wa Quebec zimetunzwa kwa utaratibu tangu 1865 tu. Sensa ya 1851, ambayo kwa kweli ilifanyika Januari 1852, ilitupatia baba na mwana, lakini umri uliandikwa ule ambao mtu angeutimiza siku yake ya kuzaliwa inayofuata; jambo hilo lilitupotezea wiki mbili. Mahali pa kuzaliwa paliandikwa Ireland, basi. Nchi ile ina vitongoji zaidi ya 60,000.

Tena, mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu ya Dublin iliungua. Karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 ziliteketea, pamoja na vitabu vingi vya ubatizo vya Waanglikana vilivyokuwa vimepelekwa pale vipate usalama. Vile vya Wakatoliki vilipona kwa kuwa vilibaki parokiani. Tangu 2015 Maktaba ya Taifa ya Ireland imeviweka kwenye intaneti, mtu yeyote avisome bure.

Kilichotufungulia njia ni jiwe la kaburi la yule baba, huko huko Ontario. Lilichongwa kwamba alizaliwa Roscommon. Kwa orodha ya wapangaji wa ardhi iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864 tuliona ukoo ule ulikaa zaidi katika parokia mbili. Tukaanza kusoma ukurasa kwa ukurasa, jioni baada ya jioni, theluji ikianguka nje. Wino umefifia na mapadre waliandika majina kwa Kilatini. James huwa Jacobus. Sisi tungesema Yakobo, na kwa kweli hilo lilitusaidia kuliko lilivyomsaidia Bibi.

Tulimpata mvulana katika mwaka 1838. Majina ya wazazi yalilingana. Tukaendelea, na katika mwaka 1842, kwa wazazi wale wale, tukasoma: Brigida. Yaani Bridget. Wadhamini wawili, tarehe, basi.

Bibi alitaka tulisome tena. Kisha akaomba tutafute katika kumbukumbu za waliokufa Grosse Île. Mama tulimwona. Mtoto hakuwemo.

“Hakuandikwa?” akauliza.

“Hakuandikwa, Bibi.”

Akanyamaza kidogo. “Lakini alibatizwa,” akasema.

Usiku ule aliombea chakula akamtaja Bridget kwa jina, sala ikawa ndefu, supu ikapoa.

Sisi hatukulala. Maana sisi nasi tulikuwa na yule mdogo wetu. Binti yetu wa kwanza aliishi siku nne hospitalini. Usiku hali ilipokuwa mbaya, muuguzi alimbatiza kwa maji ya kikombe, kama kanisa letu linavyomruhusu Mkristo yeyote wakati wa dharura, akatuambia asubuhi. Wakati huo kitabu cha ubatizo cha usharika kilikuwa mikononi mwetu wenyewe. Watoto wa watu tuliwaandika kila Jumapili yenye ubatizo. Wetu tulijiambia tutamwandika wiki ijayo. Ikapita miaka kumi na moja. Watu walitufariji kwamba Mungu ametupa wengine, nasi tukiulizwa tuna watoto wangapi tulijibu watatu.

Tuliporudi nyumbani tulikwenda kwenye usharika ule wa zamani. Mchungaji aliyepo alitupokea bila maswali, na katibu akatoa kitabu kabatini. Ukurasa wa mwezi ule ulikuwa umejaa, kwa hiyo tuliandika pembeni, kwa herufi ndogo, jina ambalo tulikuwa tumempa, la bibi yake mzaa baba. Tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, majina ya wazazi.

“Na aliyebatiza?” katibu akauliza.

Tukatazamana. Hatukuwahi kumuuliza jina lake. Tukaandika: muuguzi wa zamu ya usiku.