Mji wa Ujerumani ulio na undugu na Kogelo

NJIA ya Kogelo, kule Siaya, haina mgeni siku hizi. Watalii wameikanyaga, wanasiasa wameikanyaga, na mtoto yeyote wa shule atakwambia kwamba huko ndiko alikozikwa Barack Obama Mkubwa, babake rais wa 44 wa Marekani.

Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kusikia mji uitwao Besigheim? Mji huu mdogo uko kusini mwa Ujerumani, kaskazini mwa jiji la Stuttgart, na nao una haki ya kudai undugu na mtu huyo huyo. Mwaka wa 2009, miezi michache tu baada ya Obama kuapishwa, wachunguzi wa nasaba walitangaza kwamba mmoja wa mababu wa mamake alizaliwa huko.

Jina la babu huyo ni Johann Conrad Wölflin. Alizaliwa mwaka wa 1729 na akavuka bahari mwaka wa 1750, wakati Marekani ilikuwa bado koloni la Mwingereza.

Sasa, mtu alijuaje? Kati ya Wölflin na Obama pamepita zaidi ya miaka 230 kati ya kuzaliwa kwa huyu na kuzaliwa kwa yule. Jina lilibadilika, lugha ikapotea, ukoo ukahama mara kadhaa. Tufuatane basi na njia yenyewe, kuanzia kwenye chanzo.

Mji katikati ya mito miwili

Besigheim umejengwa juu ya mgongo wa mwamba, mahali mto Enz unapokutana na mto Neckar. Mgeni huanza kuona minara miwili mikubwa ya mviringo ya zama za kale, mmoja huku na mwingine kule, kana kwamba ni askari waliowekwa kuulinda mji na hawajaambiwa kwamba vita vimekwisha.

Baina ya minara hiyo kuna vichochoro vya mawe na nyumba za zamani zilizosukwa kwa mihimili ya miti, nafasi za katikati zikajazwa udongo na kupakwa chokaa. Mwafrika akiziangalia hatastaajabu sana. Ni ujenzi wa fito na udongo, ila fito zenyewe ni magogo ya mwaloni na nyumba ina ghorofa tatu.

Kwenye miteremko ya mito hiyo kumepandwa mizabibu. Mashamba yake yamekatwa matuta na kuzuiwa kwa kuta za mawe, ngazi juu ya ngazi, na kazi nyingi hufanywa kwa mkono kwa kuwa mashine haiwezi kupanda huko.

Mizabibu hiyo inapendeza machoni, lakini katika karne ya 18 haikutosha kumlisha kila mtu. Katika eneo la Württemberg, ambako Besigheim uko, desturi ya urithi ilikuwa kumgawia kila mtoto sehemu ya shamba la babake. Baba mwenye ekari kumi na watoto watano aliacha ekari mbili mbili. Wajukuu wakagawana vipande, na vitukuu wakabaki na mistari ya mizabibu tu. Msomaji anayetoka sehemu za Kenya ambako shamba limegawanywa mpaka likawa uwanja wa nyumba ataelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Juu ya hayo kulikuwa na kodi za watawala na kumbukumbu ya vita. Mji wa Marbach, ulio karibu na hapo, ulichomwa na majeshi ya Ufaransa mwaka wa 1693. Wazee walikuwa wakingali wanasimulia.

Ndipo wakaja mawakala. Hawa walikuwa watu waliovaa vizuri, waliodai wametoka Amerika, na ambao walilipwa na wenye meli kwa kila kichwa walichokipeleka. Walisema huko ardhi ni ya bure na mtumishi hula nyama kila siku. Yeyote aliyewahi kusikiliza mawakala wa kazi za ng'ambo anayatambua maneno hayo.

Safari yenyewe

Wölflin hakuacha kitabu cha kusimulia safari yake. Lakini katika mwaka huo huo wa 1750 aliondoka mtu mwingine kutoka bonde hilo hilo la Enz. Huyu aliitwa Gottlieb Mittelberger, mwalimu na mpiga kinanda kutoka Enzweihingen, kijiji kilicho juu zaidi kando ya mto. Alikuwa amepewa kazi ya kusindikiza kinanda cha kanisa hadi Pennsylvania. Aliporudi nyumbani mwaka wa 1754 aliandika aliyoyaona, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1756.

Njia ya watu wa bonde hilo ilikuwa moja. Waliteremka kwa mashua mto Neckar, wakaingia mto Rhine, wakaufuata mpaka bandari ya Rotterdam nchini Uholanzi. Mittelberger anasema kutoka Heilbronn hadi Uholanzi kulikuwa na vituo 36 vya ushuru, na kila kimoja kilisimamisha mashua kwa muda kilioupenda. Wiki nne, tano hata sita zikaisha, na akiba ya wasafiri ikaisha nazo.

Kutoka Rotterdam meli ilipitia Uingereza kabla ya kuingia bahari kuu. Nauli ya mtu mzima ilikuwa pauni 10 za Uingereza. Kila mtu alipewa nafasi ya kulala yenye upana wa futi 2 na urefu wa futi 6. Maji ya kunywa yaligeuka meusi na mikate ikaota wadudu.

Walioumia zaidi ni watoto. Katika meli aliyopanda, Mittelberger alihesabu watoto 32 waliokufa na kutoswa baharini.

Aliyefika salama hakuwa amemaliza. Asiyekuwa na nauli hakuruhusiwa kushuka mpaka apatikane tajiri wa kumlipia. Kwa malipo hayo alimtumikia tajiri huyo miaka mitatu, minne, hata sita. Watoto waliweza kufungwa kazini mpaka watimize umri wa miaka 21. Na kama mume alifariki meli ikiwa imekwisha kupita nusu ya safari, mjane alidaiwa nauli yake na ya marehemu pia.

Hata hivyo hawakuacha kuja. Kati ya mwaka wa 1727 na 1775 zaidi ya watu 60,000 wenye kusema Kijerumani walishuka katika bandari ya Philadelphia. Walikuwa wengi kiasi kwamba Benjamin Franklin, mmoja wa wakubwa wa mji huo, alilalamika mwaka wa 1751 kwamba wageni hao wangewageuza Waingereza kuwa Wajerumani kabla ya wao kugeuzwa.

Kalamu ya karani

Hofu ya aina hiyo ndiyo iliyowaachia wachunguzi wa leo hazina. Tangu mwaka wa 1727 serikali ya koloni la Pennsylvania ilikuwa imeamuru kwamba kila mwanamume mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi aapishwe, akiahidi utii kwa Mfalme wa Uingereza, na jina lake liandikwe. Orodha hizo zimehifadhiwa, na mwaka wa 1934 zilichapishwa katika vitabu vitatu. Hakuna koloni jingine la Amerika lenye kumbukumbu ya Wajerumani wake kama hiyo.

Ila orodha hizo zina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kalamu. Karani alikuwa Mwingereza, msafiri alikuwa Mjerumani. Aliyejua kuandika alitia sahihi yake mwenyewe. Asiyejua alitia alama, na karani akaandika kile sikio lake lilichokisikia. Baadaye majirani na maafisa wa kodi wakaendelea kuyakatakata majina. Müller akawa Miller, Schneider akawa Snyder. Wengine walitafsiri kabisa: Zimmermann, yaani seremala, akawa Carpenter. Ukoo wa Eisenhauer, uliotoka Ujerumani mwaka wa 1741, ulimtoa Rais Dwight Eisenhower.

Ndivyo Wölflin, jina lenye maana ya mbwa mwitu mdogo, lilivyokuwa Wolfley. Anayetafuta Wolfley nchini Ujerumani atatafuta mpaka azeeke.

Hata jina la kwanza hudanganya. Katika familia za Kijerumani za wakati huo, wavulana watano wa nyumba moja waliweza kubatizwa wote Johann. Hilo lilikuwa jina la kanisani. Jina la kuitwa nyumbani lilikuwa la pili, na kwa hiyo mtu wetu alijulikana kwa jina la Conrad.

Mtego wa pili ni wa kimya. Wanawake na watoto hawakuapishwa. Kwa kawaida mama aliyevuka bahari na watoto sita hayumo kabisa katika orodha, kana kwamba mumewe alisafiri peke yake.

Uzi uliopita kwa akina mama

Conrad Wolfley alifanya makao Middletown, mji ulio kando ya mto Susquehanna huko Pennsylvania. Wajerumani wa mji huo walijenga kanisa la Kilutheri la mawe mwaka wa 1767, na kanisa hilo lingali limesimama.

Conrad alimzaa Ludwig. Ludwig akamzaa George. George akamzaa Robert. Familia ilikuwa imekwisha kuhama kuelekea magharibi, jimbo la Ohio, na mwaka wa 1864 Robert Wolfley alitumikia katika kikosi cha 145 cha askari wa miguu wa Ohio, upande wa serikali uliopigana na majimbo yenye watumwa. Baada ya vita ukoo ukaendelea na safari hadi Kansas.

Mpaka hapo uzi ni rahisi kuufuata, kwani jina ni moja. Robert lakini alizaa binti, Della. Della aliolewa na Charles Payne, na jina Wolfley likakoma katika tawi hilo. Mwana wao Rolla Payne alimzaa Madelyn mwaka wa 1922. Madelyn akaolewa na Stanley Dunham, na jina Payne nalo likakoma. Binti yao, Ann Dunham, aliolewa na kijana Mjaluo aliyekwenda kusoma Hawaii, na mwaka wa 1961 wakapata mtoto wakamwita Barack Obama.

Hesabu vizuri, msomaji. Ukimwanza Conrad kuwa kizazi cha kwanza, Obama ni wa kizazi cha tisa. Mara tatu jina la ukoo lilipotea mlangoni mwa bwana harusi, na mara zote tatu aliyeubeba ukoo ni mwanamke. Anayefuata majina ya wanaume peke yake, akirudi nyuma kutoka kwa Obama, anaishia Kogelo. Besigheim hataiona kamwe.

Kilichowasaidia wachunguzi kuvuka milango hiyo ni karatasi ndogo ndogo: vyeti vya ndoa, wosia, hesabu za watu, mawe ya makaburi. Na mwishoni kabisa kikawa kitabu cha kanisa la Besigheim, ambamo mchungaji wa karne ya 18 alikuwa na desturi ya kuandika kila mtoto aliyebatizwa, babake, mamake na wasimamizi wake. Ndiyo, mamake pia. Vitabu vingi vya aina hiyo viliungua wakati wa vita vya miaka 30, kati ya 1618 na 1648. Vilivyonusurika vimeandikwa kwa mwandiko wa kale ambao Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma bila kufundishwa. Siku hizi sehemu kubwa ya vitabu vya Württemberg inapatikana kwa intaneti, na kitukuu aliye Chicago anaweza kufungua ukurasa bila kupanda ndege.

Kogelo na Besigheim

Hapa ndipo nasaba mbili za Obama zinapofundisha. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1995 alieleza jinsi alivyofika Kogelo, na Mama Sarah, aliyefariki mwaka wa 2021, akamkalisha chini na kumsimulia mababu mmoja baada ya mwingine. Upande wa baba ulikuwa umehifadhiwa kichwani na kinywani mwa mtu. Upande wa mama ulikuwa katika karatasi zilizotawanyika kutoka Kansas hadi Ujerumani, na akawa rais kabla ya kujua kuhusu Besigheim.

Kila njia ina upungufu wake. Karatasi huungua na kinywa hufumbwa. Na pande zote mbili za bahari mwanamke ndiye huachwa nje kwanza: karani wa Philadelphia hakumwandika, na sisi mara nyingi tunapotaja mababu tunaanza na baba wa baba.

Wanafunzi wengi wa mijini wanaweza kutaja jina la babu. Jina la kijiji alikozaliwa mama wa nyanya yao hawalijui, na nyanya mwenyewe yuko hai, labda anakaa chumba cha pili. Ukimwamkia jioni hii, muulize: mamako aliitwa nani kabla hajaolewa, na alitoka wapi? Andika atakalosema, pamoja na tarehe ya leo. Mchungaji wa Besigheim hakufanya zaidi ya hayo.