Kilichofichwa Hemani

Leo sina mahubiri marefu. Nina ungamo.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kanisa letu hapa Kitale alinijia jioni. Amepata nafasi ya kusoma ng'ambo na ameambiwa aonyeshe pesa benki. Akaniambia, "Pasta, kuna mtu ataniwekea kwa akaunti wiki mbili hivi, halafu nimrudishie na kitu kidogo juu. Utaniombea ipite?"

Nilinyamaza muda mrefu. Maneno hayo niliyajua. Yalikuwa yangu.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2022, mke wangu alipopata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya afya ya jamii kule Uingereza. Mlifurahi nasi. Mlichanga. Mama mmoja anayeuza mboga sokoni alileta shilingi mia mbili zimefungwa kwenye leso. Kule Bungoma, baba mkwe alituombea pale uani, na mama mkwe, ambaye kwa desturi ya Kibukusu hanipi mkono, alituma neno kupitia kwa binti yake: "Mwambie mume wako amtunze mtoto wangu huko kisiwani."

Tulipanda basi la usiku kwenda Nairobi kupimwa kifua kikuu, maana bila cheti hicho Uingereza haikupi viza. Ada ya chuo tulikuwa tumelipa sehemu. Kilichobaki kilikuwa pesa za matumizi. Kwa watu wawili zilihitajika zaidi ya pauni 15,000, na sheria ilisema zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua.

Hatukuwa nazo. Rafiki yangu mmoja akaniwekea. Nilijua si zangu. Mke wangu aliniuliza, "Hii ni sawa kweli?" Nikamjibu kama mchungaji: "Imani, mama. Imani." Tena kwa haraka yangu nikatuma maombi pesa zikiwa zimekaa siku 19 tu.

Mwezi wa Agosti barua ikaja. Tumekataliwa. Sababu iliandikwa wazi: pesa hazikutimiza siku 28.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni nikawaambia adui amefunga mlango. Nikatangaza siku tatu za kufunga. Mlifunga. Mlikemea. Mlilia. Na ile barua ilikuwa ndani ya Biblia yangu, imekunjwa.

Mlipigana na pepo ambaye hakuwepo. Aliyekuwepo ni mimi.

Usiku wa siku ya tatu nilisoma Yoshua sura ya 7. Israeli wamepigwa Ai, na Yoshua ameanguka kifudifudi mbele za Bwana hadi jioni. Ukisoma utaona Mungu hakumsifu kwa maombi yale. Alimwambia ainuke, kwa sababu kulikuwa na kitu kilichoibwa na kufichwa kambini. Akani alikuwa amefukia vazi, fedha na dhahabu chini ya hema yake. Kuna mambo ambayo hayangoji maombi. Yanangoja uchimbe chini ya hema yako.

Nilimrudishia rafiki pesa zake. Tukaomba chuo kituhamishie masomo hadi Januari. Tukauza shamba letu la Kiminini, lile nililotaka kujenga, na mahindi yote ya msimu ule. Pesa zikakaa siku 28, na zikapita. Tukarudi Nairobi kupimwa tena, maana cheti kile hudumu miezi sita tu. Viza ikatoka.

Januari 2023 tulifika Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Saa kumi jioni giza limeshaingia. Mke wangu akaenda darasani, mimi nikapata kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Mchungaji wenu, niliyezoea kubebewa Biblia, nikawa naosha wazee na kubadilisha shuka. Mwezi wa kwanza nililia bafuni. Kisha nikakumbuka Matendo 28. Meli ya Paulo ilikuwa imevunjika na watu 276 wameponea kisiwani Malta, kuna mvua na baridi. Wenyeji wakawasha moto. Na Paulo, mtume mzima, akaokota kuni. Hakungoja kuhudumiwa. Nami nikaokota kuni zangu.

Mke wangu alimaliza, tukarudi nyumbani. Mkatupokea kwa nyimbo. Nami bado sikuwaambia.

Kwa hiyo juzi, kabla ya kuandika haya, nilikwenda kwanza kwa yule mama wa mboga. Nilimweleza yote. Alikaa kimya, kisha akasema, "Pasta, siku zile tatu mjukuu wangu alikuwa mgonjwa. Ningemfungia yeye." Mjukuu yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini hakuniambia amenisamehe. Alinipa chai, nikanywa, nikaenda. Sina haki ya kumharakisha.

Kijana wangu, na wengine mnaopanga safari: nendeni. Kusoma ni baraka. Lakini ulizeni sheria mapema. Tangu Januari 2024 Uingereza haiwaruhusu wanafunzi wengi wa kigeni kwenda na mume au mke, isipokuwa baadhi, kama wale wa shahada za utafiti. Kumbukeni pia kilio cha wazazi wa jirani zetu Uasin Gishu mwaka 2023, waliotoa pesa kwa ajili ya masomo ya Finland na Kanada. Msimpe mtu pesa kwa sababu tu ametaja jina la Yesu. Hata akiwa mchungaji.

Na kanisa langu, naomba mnisamehe. Wazee wa kanisa nimewaeleza, na Jumapili nitasimama mbele yenu niyaseme kwa mdomo wangu. Lolote watakaloamua juu yangu nitalipokea.

Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujatangaza kufunga wiki hii, tazama chini ya hema yako. Kuna barua gani umeikunja ndani ya Biblia?

Tuombe. Baba, tupe ujasiri wa kusema kweli kabla ya kuomba muujiza. Wale tuliowachosha kwa uongo wetu, uwafariji wewe mwenyewe. Wasafiri wetu uwafikishe salama, kwa njia iliyonyooka. Katika jina la Yesu. Amina.

Mbarikiwe.