Kuchagua Injini Ukijua Itazimika

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka nyumbani, Afrika Mashariki, ni hili: mashine ya boti, ile ya hosipawa 40 inayopeleka wavuvi baharini, inaweza kufungwa kwenye jairokopta? Wanaouliza hawafanyi mzaha. Wametazama video, wamekata mabomba, wengine wameshachomelea fremu. Kilichobaki ni injini. Huku Indiana ninakoishi, kwenye mabanda ya watu wanaojiundia vyombo vyao, kilichobaki pia huwa ni injini. Ila hawa wa huku hawaanzi na nguvu za farasi. Wanaanza na kuulizana: ikizimika hewani, utatua wapi?

Swali hilo lina maana kwa sababu ya chombo chenyewe. Mapanga ya juu ya jairokopta hayaendeshwi na injini yanapokuwa angani. Upepo unaopanda kupitia kwenye mapanga ndio unaoyazungusha, na injini kazi yake ni kuzungusha propela inayosukuma chombo mbele. Chombo cha Mhispania Juan de la Cierva kiliruka kwa kanuni hiyo tangu mwaka 1923. Kwa hiyo injini ikifa, mapanga yanaendelea kuzunguka na wewe unashuka. Lakini unashuka upesi. Ukiwa mita 300 juu ya ardhi, usihesabu kufika mbali zaidi ya kilomita moja, na hiyo ni kwa rubani aliyefunzwa vizuri.

Kwa nini basi mtu achague injini ya mipigo miwili, tustroki, ambayo kila fundi anajua ina tabia ya kuzimika bila kupiga hodi? Uzito. Sheria ya Marekani ya mwaka 1982, ile waitayo Part 103, inamruhusu mtu kurusha chombo cha kiti kimoja bila leseni ya urubani na bila kukisajili, mradi kisizidi kilo 115 kikiwa kitupu, kisibebe zaidi ya lita 19 hivi za mafuta, na kisipite maili 55 za baharini kwa saa. Toa uzito wa mapanga, kichwa chake, mlingoti, magurudumu na kiti, uone zimebaki kilo ngapi za injini. Tustroki haina vali wala sampu ya oili, na inatoa nguvu kila mzunguko badala ya kila mzunguko wa pili. Ndiyo inayoingia. Ukizidisha uzito, unahamia kundi la vyombo vya majaribio vilivyoundwa na mwenyewe: sehemu kubwa ya kazi lazima iwe ya mikono yako, mkaguzi anakuja, na kwa injini isiyo na cheti cha ndege kwa kawaida unapangiwa saa 40 za majaribio ndani ya eneo maalumu kabla hujaenda kwingine.

Wamarekani hawa hawakuanza na injini nzuri. Igor Bensen, aliyeuza michoro ya jairokopta kwa watu wa kawaida katika miaka ya 1950, aliegemea McCulloch ya silinda nne na nguvu za farasi 72. Ilikuwa imeundwa kwa ajili ya ndege zisizo na rubani ambazo askari walizitumia kama shabaha. Yaani mtengenezaji alijua itatunguliwa kabla haijazeeka. Watu wakaifunga mgongoni mwao wakaruka nayo. Ile jairokopta ndogo ya Ken Wallis iliyoonekana kwenye filamu ya James Bond ya mwaka 1967 ilikuwa na injini ya aina hiyo hiyo.

Baadaye wakahamia injini za pikipiki za theluji. Rotax 447, 503 na 582 za Austria ni ukoo mmoja na injini za Ski-Doo. Nikitembea mashambani huku wakati wa baridi naelewa kwa nini: kila banda lina moja, na fundi wake yupo jirani. Kwa hiyo kijana wa Tanga anayeiangalia mashine ya boti anafanya walichofanya hawa. Anaanza na kilichopo. Simcheki hata kidogo.

Bahati mbaya mashine ya boti haifai, na sababu ni za kiufundi tu. Imesimamishwa wima, krenkishafti inaelekea chini majini. Inapozwa na maji ya bahari yanayovutwa na kutupwa bila kukoma, na huko juu hakuna bahari. Ukiondoa mguu wake umeondoa na giaboksi, hivyo huna pa kufungia propela. Ukiilaza, ukaitafutia rejeta, ukaichongea giaboksi, umetengeneza injini mpya ambayo hakuna mtu mwingine duniani mwenye uzoefu nayo, na wewe ndiye utakayekuwa rubani wake wa kwanza. Injini ya bodaboda ndiyo usahau kabisa: ile ya 150 inatoa nguvu za farasi kumi na kitu tu, nawe unahitaji 40 na zaidi ili uinuke na mwili wa mtu mzima.

Nguvu zenyewe nazo zinadanganya. Kinachosukuma jairokopta ni hewa nyingi inayorushwa nyuma, kwa hiyo ukubwa na mwendo wa propela ni muhimu kama injini. McCulloch ilizungusha propela fupi moja kwa moja, kwa kasi na kelele, na sehemu ya nguvu ikapotea bure. Rotax 582 inatoa nguvu zake 65 ikiwa kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika; ukiipitisha kwenye giaboksi ya 2.58 kwa 1, propela inazunguka kama mara 2,500 na inaweza kuwa ndefu na tulivu. Hapo mjenzi anafurahi, kumbe amejitafutia balaa jingine. Propela ndefu inalazimu injini ipandishwe juu ili isikwangue keli ya fremu. Injini ikipanda, mstari wa msukumo unapita juu ya kitovu cha uzito. Siku mapanga ya juu yakipungukiwa mzigo ghafla, kwa upepo au kwa mkono wa rubani, propela inakisukuma chombo kibinuke mbele, na hakuna anayekirudisha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliwafanya wasimamizi wa anga wa Uingereza waweke kikomo cha inchi 2 kati ya mstari ule na kitovu cha uzito. Kabla ya kununua injini, basi, chora chombo kizima, na mkia wa kulala usiukose.

Mjomba wangu ni fundi wa mashine za boti Tanga. Nikimpigia simu kuhusu mambo haya, baada ya shikamoo na marahaba na habari za watu wote wa nyumbani, huwa ananiuliza plagi ina rangi gani. Kwake hilo linatosha. Rangi ya korosho iliyokaangwa, injini inakula vizuri. Nyeupe, petroli ni kidogo na pistoni inaungua. Nyeusi yenye majimaji, inashiba kupita kiasi. Huku wanafunga geji za joto la moshi na joto la kichwa cha silinda, na wanaogopa moshi ukikaribia nyuzi 650 za Selsiasi. Lakini nimemwona mzee mmoja wa huku, mwenye geji zote hizo, akifungua plagi na kuielekeza kwenye mwanga kama afanyavyo Mjomba. Kwa upande wa kuisikiliza na kuijua tustroki, pwani yetu haihitaji kufundishwa na mtu.

Tunapoachana na hawa wa huku ni kwenye daftari. Rotax inataka injini hizi zifunguliwe na kufanyiwa ukarabati mkubwa kila saa 300, na kabla ya hapo kuna kufungua vichwa, kukwangua masizi, kutazama ringi. Mwongozo wake unasema wazi kwamba hii si injini ya ndege iliyothibitishwa na kwamba inaweza kuzima wakati wowote. Mjenzi wa huku anafunga mita ya saa, anaandika, na saa 300 zikifika anavua krenkishafti ambayo bado inazunguka laini, analipia nyingine. Inauma. Nimewasikia wakilalamika, na wapo wanaopitisha, tusidanganyane. Ila anayepitisha anajua amepitisha saa ngapi.

Kwa mvuvi wa dagaa saa 300 ni miezi michache tu. Mashine yake inafunguliwa ikigoma, na ikigoma anateremsha nanga, anapiga kafi au anasubiri mwenzake amvute. Utaratibu huo umelisha familia nyingi na una akili yake: kwa nini utupe beringi nzima? Tatizo ni kwamba unaingia angani pamoja na fundi, bila yeye kujua ameubeba.

Mafuta nayo yana hadithi yake. Huku adui ni ethanoli inayochanganywa kwenye petroli ya kawaida, inayovuta maji na kulainisha mipira ya kabureta, kwa hiyo watu hutafuta vituo vinavyouza petroli isiyo nayo. Kwetu adui ni mafuta ya taa. Tanzania, mamlaka ya nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na Kenya iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati na pistoni inatoboka.

Halafu kuna oili, na hapa naomba fundi wa boti anisikilize. Oili inayouzwa bandarini kwetu ni ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa mashine zinazopozwa na maji ya bahari. Injini inayopozwa na hewa kama 503 ina joto kali zaidi na inataka oili ya API-TC. Kipimo ni kile kile cha 50 kwa 1, lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, na kipimwe kwa chombo, si kwa macho.

Jambo ambalo sijalisikia likisemwa nyumbani ni jeti za kabureta. Wajenzi wengi wa huku wanaishi kwenye tambarare wala halitawasumbua sana. Kwetu, kati ya Tanga na Arusha kuna kama mita 1,400 za kupanda, na Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690. Kila mita 1,000 injini inapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Zile 50 ulizonunua zinakuwa 42 hivi Nairobi. Hewa ikiwa nyepesi mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi, kwa hiyo unaweka jeti ndogo na injini inatulia. Sasa ipakie kwenye lori uiteremshe Malindi kwenye maonyesho, bila kubadili jeti. Pwani hewa ni nzito, petroli inakuwa pungufu, joto linapanda, na injini inanoki katika dakika zile za kupaa ambapo huna urefu wa kuchagua pa kutua.

Chumvi ya bahari pia inakula chuma. Krenkishafti ya tustroki haiogelei kwenye oili. Inapata utando tu wa ile iliyochanganywa. Huku kabla ya baridi kuingia wananyunyizia oili ya kuhifadhia ndani ya injini na kuziba matundu. Pwani yetu injini iliyokaa miezi miwili bila kuwashwa inastahili hivyo hivyo, masika yakikaribia.

Kama ungeniuliza niamue: kwa pwani, kiti kimoja, ningetafuta 503 yenye feni na mifumo miwili ya cheche. Injini iko nyuma ya rubani ambako upepo ni hafifu, kwa hiyo feni ni ya lazima. Ilikoma kutengenezwa mwaka 2011 na nzuri zinazidi kuadimika, lakini spea zake bado zinapatikana. Kwa Arusha au Nairobi ningeenda kwenye 582 ya maji, na kuiacha ipate moto sawasawa kabla ya kupaa, kwa kuwa pistoni hutanuka haraka kuliko silinda baridi. Nayo 582 mpya imesitishwa. Anayetaka mpya kabisa awaangalie Hirth wa Ujerumani au Simonini wa Italia, akijua kwamba spea itasafiri mbali. Na kabla ya yote hayo, aanzie ofisini kwa mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya. Part 103 ni sheria ya Marekani, na tumeshaona vijana wangapi wakipigwa picha na viongozi kando ya helikopta walizounda, kisha kimya.

Pa kutua? Huku kuna mashamba ya mahindi na soya yasiyo na mwisho, na karibu na Mentone, kijiji chenye sanamu ya yai kubwa la zege ambako wapenzi wa jairokopta hukusanyika, barabara zimepigwa miraba kama daftari la hesabu. Tanga kuna mkonge, minazi na mikoko, na hakuna kati ya hivyo ninachotaka kukikalia. Lakini bahari ikitoka wakati wa bamvua kunabaki mchanga mpana na mgumu, na jairokopta haihitaji hatua nyingi kusimama. Ningeruka hapo tu, kwa jedwali la maji kujaa na kupwa.

Mjomba alinisikiliza yote haya kwenye simu, mpaka nilipofika kwenye zile saa 300.

"Sasa hiyo krenkishafti mnayoivua," akasema, "ina kasoro gani?"

"Haina kasoro, Mjomba. Saa zimefika tu."

"Basi usiitupe. Niletee."

"Haitaingia kwenye mashine ya boti."

"We ilete tu, mwanangu."