Kitabu cha kujifunzia kufunga

Mwenye pesa ya fotokopi ya kitabu kimoja tu hana budi kuchagua vizuri. Mimi nilitaka kitabu cha kunifundisha kufunga: fundo za wavu, kamba ya ndoana na, zaidi ya yote, kekele inayoshika pete za mtego wa Wagenia. Noko wangu angali anasuka mitego hiyo, lakini vidole vyake vimeanza kukakamaa, na watoto wake wote walikwenda kwenye almasi. Mtu ataniuliza: kitabu cha nini, na fundi yupo? Ni kwamba noko anafunga upesi sana. Ukimwomba arudie polepole, mkono unapoteza njia, anacheka, anaanza upya kwa mwendo wake uleule.

Kwa kuwa ni mwanafunzi wa lugha, nilianza na kamusi. Hapo shida ilikuwa ya aina nyingine. Kamusi zetu kubwa, kuanzia ile ya padri Sacleux ya 1939, zimesimama pwani. Huko kuna dema, kuna mgono, kuna uzio. Lakini dema hukaa chini ya bahari na chambo ndani, likimngoja samaki aingie kwa tamaa yake. Mtego wa Wagenia hauna chambo. Unaning'inia kwenye miti iliyosimikwa katikati ya mawe, mdomo umeelekea maji yanakotoka, na ni nguvu ya maporomoko inayomsukuma samaki ndani. Ukiuita dema, umeeleza kitu kingine kabisa. Na hata neno likiwa sahihi, kamusi inakuambia kitu ni nini. Haikuambii kidole gani kinatangulia.

Kitabu cha Droogers cha 1980 juu ya Wagenia nilikichukua kwa furaha, lakini habari yake ni jando la wavulana. Kizuri, ila si cha kazi hii.

Niliyejifunza kwake namna ya kuchagua ni mvuvi wa mbali. Waingereza wanavua samaki kwa manyoya yaliyofungwa juu ya ndoana mpaka yafanane na mdudu. Mwaka 1496 walichapa maandishi juu ya uvuvi wa ndoana, yenye orodha ya wadudu 12 wa namna hiyo: mwili wa sufu ya rangi fulani, mabawa ya ndege fulani. Ni orodha ya vitu tu, kama mapishi yasiyotaja moto. Aliyekwisha kujua alitosheka. Asiyejua alibaki na manyoya mkononi. Mwaka 1886 Halford alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe linaahidi kuonyesha jinsi ya kuwafunga. Tangu hapo swali langu kwa kila kitabu likawa moja: je, kinaonyesha katikati ya kazi, au mwisho wake tu? Picha ya fundo lililokazwa haimfundishi mtu. Vitabu vingi vya uvuvi vinaanguka hapo, hata vile vya karatasi ya kung'aa.

Basi pesa yangu ilikwenda kwa Ashley, kitabu chake cha fundo cha 1944. Kina fundo zaidi ya 3,800, na michoro aliichora mwenyewe, kamba ikiwa bado imelegea, ncha inaonekana inakopita. Sikunakili chote, nani angeweza? Nilichukua kurasa za wavu na za kufunga miti.

Noko, asiyesoma Kiingereza wala Kifaransa, alizitazama, kisha akazigeuza juu chini. Kwake michoro hiyo ilionekana kama imechorwa kwa jicho la anayemtazama mfungaji. Noko anataka fundo kama linavyoonekana kwa anayelifunga. Kurasa zilipokaa hivyo, kidole chake kilisimama kwenye mchoro wa tatu, na kwa mara ya kwanza akaweza kuniambia hatua hiyo inaitwaje kwa lugha ya Wagenia. Nimeiandika kwenye daftari, pamoja na nyingine nne. Bado pete ya mdomo, ambayo Ashley hana.